Bawabu wa Mlangoni



Mama zetu, dada zetu na jamaa wote mnaotusoma, juma hili tumeyaweka kando masuala ya mirathi na mahari tuliyoyazoea katika ukurasa huu, na tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya kisanduku cha plastiki. Wengi wenu mnacho nyumbani au dukani. Kina ukubwa wa daftari la hesabu, kina taa nne tano za kijani na pembe mbili zilizosimama, nacho kimewekwa juu ya kabati pamoja na vumbi lake. Vijana hukiita ruta, na wengine husema waifai tu, wakachanganya kisanduku na kile kitokacho ndani yake. Tuna deni la kusema juu yake, na tunayemwia deni hilo ni binti mmoja ambaye hatutamtaja jina.

Dada yetu ana karakana ya kushona mabuibui na sare za madrasa, katika ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe huku Mji wa Kale, Mombasa. Ana cherehani sita na wanawake saba wafanyao kazi chini ya mkono wake, watatu kati yao wajane. Sisi si washirika katika biashara ile, lakini marehemu baba yetu alituusia tusimwache peke yake katika mambo ya hesabu, kwa hivyo kila Jumamosi baada ya darasa la asubuhi tunapanda zile ngazi, tunaletewa kahawa, na tunapitia daftari. Huyo binti ni yatima aliyekulia katika madrasa yetu. Alihitimu kwetu, akasomea kompyuta chuoni, kisha dada yetu akamchukua ili aandike oda na kujibu barua pepe za wateja. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mpole, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wetu.

Siku moja shule iliyoagiza sare 120 ilipiga simu kuuliza mbona hawajapata risiti ya malipo yao ya kwanza. Dada yetu akajibu kwamba yeye naye anangoja malipo hayo. Wao wakasema wamekwisha kutuma, shilingi 84,000, kwa ile namba mpya ya simu mliyotupa. Namba mpya! Karakana haikuwahi kuwa na namba mpya. Wakatuletea barua pepe waliyopokea, na barua ilitoka katika anwani ya karakana yenyewe, kwa lugha ya adabu, ikitaja oda yao, vipimo vyao na tarehe waliyoahidiwa. Mgeni asingeweza kuyajua yale.

Waliokuwa na neno la siri la barua pepe ile walikuwa wawili, dada yetu na binti.

Tuliitwa. Tulikaa watu watatu katika chumba cha nyuma, dada yetu, mwanawe mkubwa na sisi, na mlango ukafungwa. Hatukumtuhumu mtu kwa kauli. Watu wa heshima hawatuhumu kwa kauli, bali hunyamaza mahali ambapo wangepaswa kusema, na kimya kile kikafanya kazi yote. Mwishoni dada yetu alimwita akamwambia apumzike nyumbani kwa muda, mpaka mambo yatazamwe. Binti alitutazama sisi, akingoja neno, kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha tangu alif na be. Hatukutoa neno. Akachukua mkoba wake akashuka. Nasi ndio tusimamao mimbarini kuwasomea watu Suratul-Hujurat, tukawaonya wajiepushe na dhana!

Aliyetufungua macho ni kijana fundi wa mitandao, mtoto wa jirani, aliyekuja siku ya tatu kwa ombi la mwana wa dada yetu. Hakuuliza habari za binti kabisa. Alifungua ukurasa wa barua pepe ya karakana kwa simu yake, akitumia data yake mwenyewe, ukafunguka bila shida. Kisha akajiunga na waifai ya karakana, akafungua ukurasa ule ule, na mara hii skrini ikaja na onyo jekundu kwamba utambulisho wa ukurasa huu hauwezi kuthibitishwa. Akageuka akauliza, "Onyo hili mmewahi kuliona?"

Dada yetu akasema hapana. Sisi tulinyamaza, maana tulikuwa tumeliona.

Wiki tatu kabla ya siku ile, Jumamosi, adhana ya Adhuhuri ilikuwa imekwisha kulia na viatu tulikuwa tumekwisha kuvaa, binti alitufuata hadi kwenye ngazi. "Maalim, kompyuta inaniambia ukurasa huu si wa kuaminika. Nifanye nini?" Tukacheka. Tukamjibu, "Bonyeza endelea, mwanangu. Mashine hizi zina wasiwasi kuliko mtu anayerudia udhu mara tano." Naye akacheka, akarudi, akabonyeza kama alivyoambiwa na mwalimu wake, akaandika neno la siri.

Turuhusuni sasa tueleze kilichotokea, kwa kadiri kijana alivyotufahamisha, kwa sababu mama mwenye duka la mtandaoni au mwenye kupika vyakula vya harusi na kupokea oda kwa simu anahitaji kuyajua haya kuliko sisi.

Ruta ni bawabu. Upande mmoja wake uko nje, katika mtandao wa dunia, na upande wa pili uko ndani kwenye kompyuta zenu, simu, printa na kamera. Huko nje nyumba nzima yaonekana kama mtu mmoja tu, naye ni huyo bawabu. Kila kifaa cha ndani hupewa naye anwani ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na tarakimu 192.168, na barua ikirudi kutoka nje yeye ndiye ajuaye ni ya nani. Hiyo ni kazi yake ya kwanza. Kazi ya pili haionekani sana, nayo ndiyo iliyotuponza. Kompyuta haijui majina, yajua namba. Ukiandika jina la ukurasa, ni lazima kwanza iulize, "Mwenye jina hili anakaa wapi?" Aulizwaye ni seva ya majina, na ruta ndiyo iambiayo vifaa vyote vya ndani wakaulize kwa seva gani.

Mwenye kuujua Mji wa Kale atafahamu upesi. Mgeni akiingia vichochoroni mwetu akitafuta nyumba ya fulani, humwuliza mzee aketiye barazani, naye humwelekeza. Sasa chukulia mtu mwovu amemwondoa mzee yule na kumkalisha wa kwake. Mgeni atapelekwa kwenye mlango wa nakshi uliofanana na ule autakao, na vifungo vyake vya shaba vivyo hivyo, atakaribishwa, na ataweka amana yake mikononi mwa mwizi huku akishukuru. Ndivyo tulivyofanyiwa. Mtu ambaye hatutamjua hadi Kiyama aliingia ndani ya ruta yetu kutoka mbali, akabadilisha seva ya majina, na kuanzia hapo kila aliyetaka barua pepe ya karakana kwa waifai yetu alipelekwa kwenye ukurasa wa kughushi. Kurasa za siku hizi huwa na cheti cha utambulisho, na mwizi hakuweza kukighushi cheti. Kwa sababu hiyo kompyuta ilipiga kelele. Mashine ilifanya wajibu wake, na aliyeinyamazisha ni Maalim.

Baada ya kulipata neno la siri, mwizi aliingia katika barua pepe ya kweli, akasoma mazungumzo yetu na shule, akaandika barua yake kwa anwani yetu. Akaweka pia agizo kwamba majibu ya shule ile yasionekane kwetu bali yaende moja kwa moja katika jalada la taka. Kijana alifungua kumbukumbu za kuingia, nazo zilionyesha mtu akiingia kutoka nchi nyingine saa tisa usiku, saa ambayo karakana ina makufuli matatu na binti amelala kwa shangazi yake.

Aliingiaje ndani ya ruta? Hapa ndipo tulipoona haya kwa mara ya pili. Kijana aliuliza neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta, si lile la waifai ambalo hata wateja walikuwa nalo, bali lile la mwenye nyumba. Hakuna aliyelijua. Hatukujua hata kwamba liko. Akajaribu neno litokalo kiwandani, lile linaloandikwa katika kijitabu cha kila ruta ya aina ile, na mlango ukafunguka mara moja. Miaka minne biashara ya wajane ilikuwa imefungwa kwa ufunguo ambao nakala yake iko mfukoni mwa kila mtu ulimwenguni. Na fundi wa mwanzo aliyetuwekea alikuwa ameacha wazi ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka nje, pengine ili asipande ngazi zetu mara ya pili. Tunamwombea msamaha. Ngazi zetu ni kali kweli.

Msidhani tulikuwa peke yetu katika uzembe huu. Mwaka 2016 ilienea programu haribifu iliyoitwa Mirai. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilizunguka katika intaneti ikibisha kwenye kamera na ruta za watu, ikajaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya viwandani yapatayo 60 tu, na kwa orodha hiyo fupi ikaviteka vifaa kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa viliifurika kampuni moja ya Marekani iliyohudumia seva za majina, na watu wengi wa nchi ile wakakosa kufungua kurasa mashuhuri kwa saa kadhaa. Mwaka 2017 vijana watatu wa Kimarekani walikiri mahakamani kwamba ndio walioitunga. Kamera ya mtu aliyelala usingizi nyumbani kwake ilitumika kumdhuru mtu asiyemjua, naye hana habari. Mwaka 2018 ikaja nyingine, VPNFilter, iliyopatikana katika ruta na vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, hata wapelelezi wa FBI wakawaomba watu duniani wazime ruta zao na kuziwasha upya.

Sisi watu wa pwani intaneti haikutujia kwa mbali. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulitandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi hapa Mombasa, takriban njia ile ile waliyopita manahodha wetu kwa majahazi, na SEACOM ukawashwa mwaka huo huo. Jahazi lilipofika bandarini palikuwa na watu wa forodha waliokagua shehena. Waya nao umefika mpaka chumbani, lakini nani kati yetu amekagua?

Turudi karakanani. Kijana alituambia kwamba mtengenezaji wa ruta ile amekwisha kuacha kuitolea masasisho, yaani ile programu iliyomo ndani yake haitengenezwi tena inapogunduliwa tundu. Akashauri tusiiguse tena bali tununue nyingine, tukanunua. Kisha akakaa nasi tangu Laasiri hadi karibu na Magharibi, na kila alichokifanya alitueleza, nasi tukaandika kama tulivyokuwa tukiandika kwa masheikh wetu.

Kwanza kabisa, kabla ya kuichomeka katika waya wa nje, alibadilisha neno la siri la mipangilio. Alituzuia tusitumie jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, akatutaka tutunge maneno manne yasiyohusiana, marefu, rahisi kwetu kukumbuka na magumu kwa mwingine kubahatisha. Akafunga ruhusa ya kuiendesha kutoka nje. Akaweka usalama wa waifai katika WPA3 kwa vifaa viwezavyo na WPA2 kwa vya zamani, akasema ukikuta mahali pameandikwa WEP ujue ni kufuli la karatasi. Akazima kile kitufe cha WPS kinachounganisha simu bila kuandika neno la siri. Hiki kilitushangaza, kwa kuwa chaonekana ni rehema kwa wazee. Akaeleza kwamba nyuma yake mna namba ya tarakimu nane, na mwaka 2011 ilidhihirika kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa nusu mbili mbalimbali, kwa hivyo mwizi hahitaji kujaribu mamilioni, majaribio yapatayo 11,000 yamtosha, na kompyuta haichoki.

Halafu akaugawa mtandao. Hili ndilo tunalotaka kila mwenye biashara alishike. Kompyuta ya hesabu na printa zikabaki katika mtandao wa ndani. Simu za washonaji, simu za wateja wanaongoja kupimwa, na kamera ya mlangoni zikawekwa katika mtandao wa wageni, ambao wafika nje lakini hauwezi kuigusa kompyuta ya hesabu. Dada yetu hakupendezwa. Alisema, "Hawa ni watoto wangu, vipi niwaite wageni?" Tukamkumbusha nyumba ya babu yetu. Palikuwa na daka, pakawa na sebule, kisha ndani. Aliyekaribishwa sebuleni hakudharauliwa, alipewa kahawa na halua, na hakuna aliyeona ubaya kwamba hakupita hadi chumba cha ndani. Suratun-Nur imetufunza adabu ya kuomba idhini kabla ya kuingia, na wazee wetu waliijenga adabu ile katika mawe na mbao. Akakubali, ijapokuwa bado husema jina hilo la wageni ni baya.

Na hapo hapo tujibu swali tuliloulizwa na zaidi ya mama mmoja. Kutumia waifai ya jirani bila idhini yake hakujuzu, hata kama haikupungui wala yeye hajui, kwa sababu ni mali yake aliyoilipia. Na neno la siri ukipewa na jirani kwa hisani, ni amana. Hulipi jamaa zako wote pamoja na mwuza samaki.

Mambo mengine tuyapite kwa haraka. Kuta zetu za matumbawe ni nene na mawimbi ya waifai hayazipendi. Masafa ya 2.4 hupenya zaidi na yale ya 5 huenda kasi lakini huchoka mapema, na penye kuta mbili nene afadhali kupitisha kebo, ambayo yaweza kwenda hadi mita 100. Hewa ya chumvi hula vichwa vya kebo, vitazameni. Stima yetu mnaijua, ikirudi hurudi kwa kishindo, basi wekeni kinga. Ruta isifunikwe kitambaa cha fuma ili ipendeze, inahitaji kupumua. Na mjusi hupenda joto lake.

Siku ya pili ya kazi hiyo tulikwenda kwa shangazi yake binti.

Tulikwenda sote watatu tuliokaa katika kile chumba. Dada yetu alitaka kuanza kwa maneno ya kuzunguka, tukamwomba atuachie. Tulimwambia binti mbele ya shangazi yake na mbele ya jirani wawili waliokuwako, kwa kuwa walijua ameondolewa na ilikuwa haki wajue kwa nini, kwamba onyo alililiona yeye, akaliuliza, na sisi ndio tuliomwambia apite. Tulimwambia kwamba katika chumba kile tulilikumbuka lile onyo na hatukulisema, kwa sababu hatukujua kama lina maana, na pia, hili lilikuwa zito kulitamka, kwa sababu lingetugusa sisi. Shangazi yake alilia. Binti hakulia. Alisema, "Maalim, mimi sikuumia kwa kuambiwa nikae nyumbani. Niliumia kwamba ulinyamaza." Hatukuwa na jawabu, na hata leo tunapoandika hatuna.

Fedha hazikurudi. Taarifa iliandikishwa polisi, namba ile ilikuwa imekwisha kuzimwa. Shule haikuwa na kosa, na dada yetu alishona sare 120 bila ya yale malipo ya kwanza. Nusu ya hasara tuliichukua sisi, tukailipa kwa miezi mingi kutoka katika kile kidogo tupatacho, maana neno endelea lilitoka katika kinywa chetu. Wateja wote waliokuwa katika barua pepe ile walipigiwa simu mmoja mmoja wakaarifiwa kwamba barua zao zilisomwa, kwani hilo ni haki yao, na tangu mwaka 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa za watu inayomhusu hata mwenye cherehani sita. Neno la siri la barua pepe likabadilishwa, na agizo la mwizi likafutwa.

Binti alirudi kwa sharti. Sharti lake lilikuwa kwamba funguo za ruta awe nazo yeye na dada yetu, kwamba awe na daftari lake, na kwamba akiona onyo hatamwuliza mtu anayevaa viatu. Tukakubali yote matatu.

Daftari lile tumelishika mikononi, ni zuri kuliko vitabu vingi. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa karakana, kila kebo na inakokwenda. Wa pili una aina ya ruta, tarehe iliponunuliwa, tarehe za masasisho, na mahali ilipowekwa nakala ya mipangilio yote, ili siku ruta ikifa nyingine isimamishwe kwa nusu saa badala ya siku mbili. Ameandika seva za majina zinazotakiwa kuwamo, na kila mwanzo wa mwezi huingia akatazama kama bado ni zile. Hutazama pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kifaa asichokijua hukifuata hadi akijue. Neno la siri lenyewe halimo. Liko katika bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la chuma la dada yetu, kwa ajili ya siku ya dharura, maana mauti hayabishi hodi.

Kulitokea jambo baada ya miezi kadhaa. Mpwa wetu, kwa nia njema, alileta ruta kuukuu kutoka kwao akaichomeka chumba cha nyuma ili wafungaji wa vifurushi nao wapate waifai. Kesho yake printa haikuonekana, kompyuta moja ilifika nje na nyingine haikufika, na kila mtu akailaani kampuni iletayo intaneti. Dada yetu alikuwa amekwisha kuinua simu awagombeze. Binti alimwomba angoje. Akatazama anwani ya kompyuta iliyoharibika, akaikuta yaanza 192.168.0 ilhali zetu zote huanza 192.168.1. Akafunga daftari akasema, "Kuna bawabu wa pili humu ndani, naye anagawa namba zake." Akaifuata kebo hadi nyuma ya marundo ya vitambaa akaipata. Hakuitupa. Aliizimia ile kazi ya kugawa anwani, akaiwekea neno jipya la siri, akaiacha irushe waifai tu, na ugomvi ukaisha. Yule kijana fundi aliposikia alisema kuna watu wenye vyeti ambao lingewashinda hilo.

Sisi bado tunapanda zile ngazi kila Jumamosi. Juma lililopita tulikuwa katikati ya hesabu za mwezi, tuna haraka ya kuwahi maziko ya jirani, na ukurasa tuliokuwa tukiutaka ulikuwa ndio kwanza unafunguka. Binti akasimama mlangoni na daftari lake. "Maalim, ruta imepata sasisho. Nikiliweka sasa itazimika dakika tano."

Tulimtazama dada yetu. Dada yetu alitazama dari.

Tukakifunga kitabu cha hesabu, tukaomba kahawa, tukangoja.